Ghorofa za Jirani, Kodi Yangu

Mimi sipingi maendeleo. Bustani ya Mama Ngina ilipofunguliwa Oktoba 2019, baada ya serikali kuu kutumia takriban shilingi milioni 460, nilifurahi kama kila Mmombasa anayekula mihogo pale chini ya mibuyu. Ninachopinga ni mipango ya kimyakimya.

Huku mtaani Kizingo, Mombasa, nyumba za zamani zinabomolewa, maghorofa yanapanda. Kiwanja kikibadilishwa matumizi, thamani ya vilivyo jirani nayo hupanda. Na kodi ya ardhi hufuata thamani ya kiwanja. Basi mjane mwenye kibanda cha urithi atadaiwa kana kwamba naye ana lifti.

Kwa hiyo kubadilisha matumizi ya ardhi ni uamuzi wa kodi, na ujadiliwe hivyo. Sheria hutaka makadirio ya bajeti yafike katika bunge la kaunti kufikia Aprili 30. Kabla ya siku hiyo, kaunti itubandikie misikitini, makanisani na kwenye kivuko cha Likoni, kwa Kiswahili: viwanja gani vinabadilishwa, kodi itapanda kiasi gani, na mtaro gani utazibuliwa kwa pesa hizo.