Bafu la Nyumba ya Mapumziko Milimani
Ukarabati wa bafu katika nyumba za mapumziko za milimani, kama zile za Breckenridge, mji wa Colorado nchini Marekani ulio takriban mita 2,900 juu ya usawa wa bahari, mara nyingi huanza na uchaguzi wa vigae, ilhali adui mkuu wa nyumba hizo, ambazo huweza kukaa tupu kwa wiki kadhaa za majira ya baridi, ni barafu. Maji yanapoganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na barafu iliyoziba bomba huyasukuma maji yaliyobaki kuelekea koki iliyofungwa, hata shinikizo likapasua bomba mahali ambapo pengine hapajaganda kabisa. Kwa hiyo bomba lililopitishwa katika ukuta wa nje halina budi kuhamishiwa ukuta wa ndani wakati vigae vya zamani vimebanduliwa, na koki kuu, yaani ile inayokata maji ya nyumba nzima, iwekwe mahali panapofikika kwa urahisi. Hata mkunjo wa bomba chini ya sinki, ambao hushika maji kidogo ili kuzuia harufu ya majitaka, hauna budi kutiwa kimiminika kisichoganda kabla ya nyumba kufungwa. Mwenye nyumba anayemaliza fedha kwenye marumaru na kuliacha bomba kuukuu ukutani hajakarabati bafu.