Mpatanishi Alipoitwa Kuwa Shahidi

Wahenga walinena kwamba mganga hajigangi. Methali hii hunijia kila ninapoyatafakari maisha ya marehemu Balozi Bethuel Kiplagat, aliyeaga dunia Julai 2017. Aliitumikia nchi hii kwa njia mbili ambazo wengi wetu huzidhania kuwa moja: kwanza akiwa mwanadiplomasia wa serikali, kisha akiwa kiongozi wa mashirika ya amani yasiyo ya kiserikali. Sisi tunaoishi chini ya Mlima Elgon, kuanzia Saboti hadi Kitale na kuteremka hadi Bungoma, tuna sababu maalumu ya kuyachunguza maisha hayo, kwa maana swali lililomwangusha ndilo swali ambalo tumelala nalo kwa zaidi ya miaka 30.

Itakumbukwa kwamba Kiplagat hakuanzia serikalini. Katika miaka ya 1970 alikuwa mmoja wa viongozi wa Baraza la Kitaifa la Makanisa, NCCK. Baadaye aliteuliwa kuwa balozi wetu nchini Ufaransa, kisha Uingereza, na mwaka 1983 akaitwa nyumbani kuwa katibu wa kudumu katika Wizara ya Mashauri ya Kigeni. Waziri wake wa kwanza katika kazi hiyo alikuwa mtu wa kwetu, Elijah Mwangale. Kiplagat alikaa katika kiti hicho hadi 1991, muda mrefu kuliko mawaziri waliompita mbele yake.

Miaka hiyo ilikuwa ya msukosuko katika kanda yetu. Mwaka 1985 mazungumzo ya amani ya Uganda yalifanyika Nairobi chini ya Rais Moi. Ilipofika 1989, Kenya ilikuwa ikijaribu kuwakutanisha serikali ya Msumbiji na waasi wa RENAMO, na Kiplagat ndiye aliyezishika nyuzi nyingi za shughuli hiyo. Mapatano yenyewe yalitiwa sahihi Roma, Oktoba 1992, yeye akiwa tayari ameondoka wizarani. Lakini waliozijua juhudi hizo hawakusahau nani alikuwa miongoni mwa waliopanda mbegu.

Alipotoka serikalini hakujipumzisha wala hakukimbilia siasa za vyama vingi kama walivyofanya wenzake. Aliongoza Africa Peace Forum, shirika lililojishughulisha na migogoro ya Pembe ya Afrika, na kwa miaka mingi alikuwa akionekana katika warsha, makanisa na kumbi za mikutano akizungumza kwa sauti ya upole. Mwaka 2003 serikali mpya ilimwita tena, safari hii awe mjumbe maalumu wa Kenya katika mazungumzo ya Somalia yaliyokuwa yameanza mjini Eldoret Oktoba 2002. Aliyempokeza kazi hiyo ni yule yule Mwangale. Mazungumzo yalihamia Mbagathi, na mwaka 2004 Wasomali wakapata rais na bunge la mpito, ingawa kwa muda huo walikuwa katika ardhi ya Kenya.

Nchi yetu ilipowaka moto baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Kiplagat alikuwa miongoni mwa wananchi wachache waliokutana Nairobi na kuanzisha kundi la kuhimiza amani. Pamoja naye walikuwapo majenerali wastaafu Daniel Opande na Lazaro Sumbeiywo, George Wachira, na Dekha Ibrahim Abdi. Ningependa msomaji alikumbuke jina hilo la mwisho. Dekha alikuwa binti wa Wajir.

Kwa sifa kama hizi, hapana shaka uteuzi wake kuwa mwenyekiti wa Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano mwaka 2009 ulionekana na serikali kuwa jambo la kawaida. Nani angefaa zaidi kuliko mpatanishi aliyekubuhu? Lakini wengine waliona vingine. Februari 1984, siku chache kabla ya wanaume wa Kidegodia kukusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na Wajir, maofisa wakuu wa usalama na wa wizara kadhaa walifanya mkutano Wajir. Kiplagat alikuwamo. Serikali ilikiri vifo 57. Wenyeji wamesema daima kwamba waliokufa ni mamia, wengine wakataja maelfu. Zaidi ya hayo alitajwa katika uchunguzi wa mauaji ya Dkt. Robert Ouko, waziri wake, ya Februari 1990, na katika madai ya ardhi ya umma kugawiwa watu isivyo halali. Yeye aliyakana yote. Alishikilia kwamba hakuhusika na uamuzi wa Wagalla na kwamba jina lake lilikuwa safi.

Mapema mwaka 2010 waliokuwa wenyeviti na wanachama wa tume kama hiyo katika nchi nyingine, Askofu Desmond Tutu akiwa mmoja wao, walimsihi ajiuzulu. Makamishna wenzake wakapeleka malalamiko kwa Jaji Mkuu, na jopo la kumchunguza likaundwa. Novemba 2010 alijiweka kando. Jopo likamaliza muda wake bila kutoa uamuzi, kesi zikafuata mahakamani, na mapema 2012 akarejea kitini. Kwa hiyo hakupatikana na hatia, wala hakusafishwa. Hilo ndilo jambo la kusikitisha zaidi katika mkasa mzima.

Mimi ni mwalimu wa isimu, si wa sheria, na sina haki ya kumhukumu mtu ambaye majaji hawakumhukumu. Ninachoweza kusema kinahusu lugha. Kiswahili, kama lugha nyingine, kina njia ya kumwondoa mtenda katika sentensi. Tukisema 'wanaume walikusanywa uwanjani', tumetumia kauli ya kutendwa, na sarufi haitudai tuongeze 'na fulani'. Kauli ya kutendeka inakwenda mbali zaidi. Tukisema 'ardhi iligawika, nyumba zikachomeka', hatuwezi hata tukitaka kumtaja aliyegawa au aliyechoma. Sentensi yenyewe imemfungia mlango. Ardhi ikawa kama imejigawa.

Lugha ya diplomasia imejengwa juu ya kauli hizi, na si kwa ubaya. Mpatanishi anayewaketisha maadui meza moja hawezi kuanza kwa kuuliza nani aliua. Akiuliza, mmoja atainuka aende zake, na vita viendelee. Atasema 'makosa yalitendeka katika pande zote', na watu watasalia kitini. Kwa sentensi za namna hiyo Msumbiji ilipata amani. Kiplagat aliifahamu lugha hiyo kuliko Mkenya yeyote wa kizazi chake, naye aliitumia kuokoa maisha ya watu asiowajua.

Lakini tume ya ukweli ni baraza la namna nyingine. Kazi yake ya kwanza ni kumrudisha mtenda katika sentensi. Mjane anapokuja mbele yake na kusema 'mume wangu aliuawa', tume inapaswa kumwuliza kwa heshima: na nani? Tazama mpangilio wa maneno katika jina lenyewe: Ukweli, kisha Haki, ndipo Maridhiano. Kiplagat alikuwa amefanya kazi maisha yake yote akianzia neno la tatu. Mwaka 2009 alitakiwa aanzie la kwanza, na aanze na nafsi yake. Alitakiwa atoke katika kiti cha mpatanishi aketi katika kile cha shahidi, aseme: nilikuwapo katika mkutano ule, haya ndiyo niliyoyasikia. Ushahidi kama huo, hata usiomtia hatiani, ungewafungulia mlango mashahidi wengine wa cheo chake waliokaa kimya. Badala yake nguvu nyingi zilikwenda katika kukilinda kiti.

Huku kwetu gharama yake si ya nadharia. Kusikiliza mashahidi hadharani kulianza Aprili 2011, mwenyekiti akiwa nje, na aliyeongoza tume kwa muda ni Tecla Namachanja Wanjala, mama aliyeingia katika kazi ya amani kwa kuwahudumia waliofurushwa na mapigano ya miaka ya 1990 magharibi mwa Kenya. Tume ilipata taarifa zaidi ya 40,000 kutoka kila pembe ya nchi. Wenyeji wa Mlima Elgon walieleza habari za vijana wa SLDF walioua, kukata masikio na kuwafukuza watu mashambani tangu 2006 kwa sababu ya ugawaji wa ardhi ya Chebyuk. Walieleza pia habari za wanajeshi walioletwa Machi 2008 katika Operesheni Okoa Maisha, na za wanaume waliochukuliwa wasirudi. Waliosema hayo walihatarisha mengi. Wengine waliishi, na wanaishi hadi leo, jirani na waliowatendea.

Nimesikia mara nyingi katika soko la Saboti jinsi watu wanavyosimulia mapigano ya 1991 na 1992, na yale ya baadaye. Husema 'wakati ule wa fujo', 'tulipohama', 'shamba lilipopotea'. Shamba halipotei kama sindano. Ni lugha ya mpatanishi imeshuka hadi sokoni: watu wamejifunza kumwacha mtenda nje ili waweze kuuziana viazi na mahindi bila kugombana. Siwalaumu. Ila najua kwamba sentensi isiyo na mtenda huwarithisha watoto hofu isiyo na jina, na uchaguzi ukikaribia hofu hiyo hutafutiwa jina lolote lililo karibu.

Yapo ya kusemwa kwa upande wa pili. Watetezi wa Kiplagat walisema kwamba mtu aliyetumikia serikali kwa miaka mingi hawezi kukosa kuketi katika mkutano mmoja mbaya, na kwamba tukiwakataa wote waliokuwamo hatutabaki na mwenye ujuzi. Hoja hiyo ina uzito. Dekha wa Wajir alikubali kufanya kazi bega kwa bega naye mwaka 2008, na sidhani alikuwa mjinga. Alijua kwamba mtu anaweza kufaa kwa kazi moja asifae kwa nyingine. Mwenye kuzima moto haulizwi alikuwa wapi jana. Anayekwenda kuchunguza nani aliuwasha lazima aulizwe.

Ripoti ya tume ilikabidhiwa Rais Uhuru Kenyatta Mei 2013, huku makamishna watatu wa kigeni wakikataa mabadiliko yaliyofanywa katika sura ya ardhi. Machi 2015 Rais aliomba radhi kwa niaba ya serikali na kutangaza hazina ya shilingi bilioni 10 kwa waathiriwa. Tangu hapo maandamano ya wajane yamekuwa mengi kuliko hundi. Hata katika ule msamaha mtenda alikuwa mmoja tu, naye hana uso: serikali.

Nchi yetu inaendelea kuzalisha maofisa wanaostaafu jioni na kuamka asubuhi wakiwa viongozi wa mashirika ya amani, utawala bora na haki. Wengi wana ujuzi tunaouhitaji, na si vyema kuwafungia milango. Lakini kabla ya kuwakabidhi mizani, mashirika yanayowaajiri na serikali zinazowateua zingewauliza swali moja la sarufi, nalo liandikwe na jibu lake lihifadhiwe: katika sentensi za zamani zisizo na mtenda, wewe ulikuwa wapi? Atakayejibu kwa nafsi ya kwanza, umoja, apewe kazi. Wajane wa Wagalla na wa Mlima Elgon walikwisha kujibu kwa nafsi hiyo mbele ya umma, na wao hawakuwa na mabalozi wa kuwasemea.