Dawa ya Deni Si Kulipa

"Dawa ya deni kulipa." Utaisikia kwa kiongozi wa kikundi cha mikopo, kwa kijana wa marejesho aliyeegesha pikipiki mlangoni alfajiri, hata kwa mjomba aliyefuatwa kwa ushauri. Husemwa kama hukumu isiyo na rufaa. Mimi naikatia rufaa. Kwa mtu aliyekopa asichoweza kurudisha, methali hii imekuwa silaha ya anayedai, na imewafunga midomo wadaiwa wengi kuliko ilivyowaokoa.

Tazama inavyofanya kazi mtaani. Mama lishe wa Mbagala anachukua laki moja ya kausha damu, mkopo wa mtaani wenye riba kubwa. Rejesho ni 5,000 kila siku kwa siku 26, jumla 130,000. Mvua zinaanza, wateja wanapungua, rejesho la siku mbili linataka kukwama. Kwa kuwa ameaminishwa kwamba kulipa ndiyo dawa, analipa, ila kwa hela ya kausha damu wa pili. Wa pili akibana, anamtafuta wa tatu. Kisha inakuja programu ya simu inayotoa mkopo kabla chai haijapoa. Ukimuuliza, atakuapia kwamba hakuna siku aliyoacha kulipa, na atakuwa anasema kweli. Amelipa kila siku, na kila siku anadaiwa zaidi.

Anayebaki kwenye mzunguko huo hafungwi na hesabu tu, anafungwa na aibu. Mume hajui. Mwalimu aliyeacha kadi yake ya benki na namba ya siri kwa mkopeshaji hawezi kumwambia mwalimu mwenzake, ambaye pengine naye kadi yake iko hukohuko. Usingizi unapotea, presha inapanda, simu ikiita moyo unaruka. Tumekubaliana kimyakimya kwamba huo ndio ujira wa mtu aliyekopa. Nani katufundisha hivyo? Dini zetu hazikusema hayo. Katika Uislamu, wenye madeni ni kundi moja kati ya manane yanayostahili zaka. Torati iliagiza madeni yaachiliwe kila mwaka wa saba. Wahenga wa imani walijua kuna deni linalomshinda mtu, na wakaiachia jamii jukumu la kumsaidia.

Sheria za nchi nazo haziko kimya kama tunavyodhani. Tangu ilipotungwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, anayefanya biashara ya kukopesha lazima awe na leseni. Kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani kampuni na watu binafsi wasiopokea amana, Benki Kuu ya Tanzania imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa laki moja ya mama lishe wetu, hiyo ni shilingi 3,500. Yeye anatozwa 30,000. Novemba 2024 Benki Kuu hiyohiyo ilipiga marufuku majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha kidijitali bila leseni. Aliyekuwa akikesha kuzitafutia hela programu hizo alikuwa akimtetemekea mtu asiye na ruhusa hata ya kufungua biashara.

Na wale wanaokuja kubeba godoro na masufuria? Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, inataja vitu visivyokamatwa hata baada ya mahakama kutoa hukumu: nguo za lazima, vyombo vya kupikia, kitanda na matandiko, zana za fundi. Kama dalali wa mahakama mwenye amri mkononi hagusi sufuria lako, kijana wa marejesho kaipata wapi mamlaka ya kulipakia kwenye bajaji? Vivyo hivyo kitisho cha "nitakuweka ndani". Kushindwa kulipa mkopo, peke yake, ni shauri la madai; polisi hawakuajiriwa kukusanya marejesho. Na programu inayowatumia meseji shemeji na bosi wako kwamba wewe ni tapeli ina kesi ya kujibu mbele ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, chini ya sheria ya mwaka 2022.

Haya yote mama lishe angeyajua kwa kumuuliza mtu mmoja, bila kutoa hata shilingi. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na kazi yao ni kumhudumia bure asiye na uwezo. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu wapo. TAWLA, chama cha wanawake wanasheria, wapo. Afisa ustawi wa jamii yupo halmashauri, na ndiye wa kufuatwa pale deni linapogeuka ugomvi wa ndoa au mawazo ya kujidhuru. Mkopeshaji mwenye leseni akikutesa, mwandikie malalamiko kwanza. Asipokusikiliza, yapeleke Benki Kuu. Hulipii.

Nitaambiwa nawafundisha watu dhuluma. Hapana. Ulichokopa unadaiwa, na mkopo halali una haki ya kurudi. Msaidizi wa kisheria hafuti deni kwa uchawi. Anakaa na wewe, mnaorodhesha madeni yote, mnatenga ya wenye leseni na ya wasio nayo, mnatenga mtaji na riba, kisha anakusaidia kuandika barua ya kuomba ratiba mpya unayoimudu. Mkopeshaji mwenye akili ataipenda barua hiyo. Mdaiwa anayehama usiku na watoto hamlipi mtu.

Wengine watasema cha bure ni utapeli. Wana sababu, maana siku hizi wapo wanaojitangaza kufuta madeni kwa "ada ndogo ya usajili". Kipimo ni chepesi: anayetaka hela kabla ya kukusikiliza ni mkopeshaji mwingine aliyebadili shati. Lakini tusiwatumie matapeli kama kisingizio cha kutobisha hodi kwenye ofisi halali.

Lawama yangu kubwa, hata hivyo, haiko kwa mama lishe. Matangazo ya mikopo ya haraka yamebandikwa kwenye nguzo za umeme na kuta za vituo vya daladala. Anwani ya msaidizi wa kisheria imekaa kwenye faili. Wakopeshaji wengi humtaka mkopaji alete barua ya serikali ya mtaa. Maana yake ni kwamba mikopo mingi inayoumiza imepita mezani kwa mtumishi wa umma, ikagongwa muhuri, na hakuna aliyeuliza swali.

Basi swali lianzie hapo. Kabla muhuri haujagongwa, mwenyekiti wa mtaa aulize: huyu anayekukopesha ana leseni, na riba yake ni asilimia ngapi? Majibu yaandikwe kwenye barua yenyewe, na chini yake iwekwe namba ya simu ya msaidizi wa kisheria wa kata. Hilo halihitaji bajeti wala sheria mpya. Mwenyekiti atakayeona ni usumbufu atueleze muhuri wake unamtambulisha nani kwa nani.