Mgeni Asiyepiga Hodi

Akina mama wenzetu, anayepandisha mlima kutoka Mto wa Mbu mpaka Rhotia na Karatu, kisha akaendelea hadi lango la Ngorongoro, hupishana na magari ya watalii tangu asubuhi hadi jioni. Watoto wa huku wamezaliwa wakiyaona. Na huko Ngorongoro, vijana wa Kimaasai waliotoka jandoni husimama kando ya barabara wamejipaka rangi nyeupe usoni; gari linasimama, mgeni anapiga picha, kijana anapewa chochote. Hatusemi haya ili tuwalaumu, maana kila mtu anatafuta riziki. Tumeanzia hapo kwa sababu mtoto wa sehemu hizi hujifunza mapema mambo mawili: kwamba mgeni huja na neema, na kwamba picha ina malipo.

Mgeni wa barabarani tunamwona, na jioni anakwenda zake. Yupo mwingine sasa ambaye hapigi hodi. Anaingia kwa njia ya simu, anakaa na mwanao chumbani usiku, na wewe uko jikoni unafunika moto.

Tuseme binti amemaliza kidato cha nne mwezi Novemba. Yuko nyumbani anangoja matokeo ya Januari, hana kazi kubwa, na simu anayo. Mtu anamwandikia kwenye Facebook. Hamwanzi kwa maneno machafu hata kidogo. Anamuuliza habari za masomo, anamsifu, anamtumia bando. Anapolalamika kwamba mama ni mkali, anamhurumia. Baada ya wiki mbili anasema anamfahamu mzungu anayesomesha watoto. Hapo ndipo binti wa Karatu anaponaswa upesi kuliko wengine, kwa kuwa huku kila mtaa una habari ya mtoto aliyepata mfadhili kutokana na wageni, na nyingine ni za kweli kabisa.

Kisha anaambiwa: 'Mfadhili anataka kukuona, tuma picha.' Ya kwanza ni ya sare ya shule. Ya pili anaambiwa alegeze nguo kidogo. 'Usimwambie mama kwanza, tutamshtukiza.' Akishaipata ile aliyokuwa akiitafuta, sauti inabadilika: tuma nyingine, au tuma fedha, au njoo tuonane Arusha, la sivyo naipeleka kwa walimu wako na kwa kwaya yenu yote. Wavulana nao wasisahauliwe. Wao hupatikana katika michezo ya simu kama Free Fire, ambamo mtu mzima anaweza kucheza na kuzungumza na mtoto kama rika lake.

Wala tusidhani adui ni mtu wa mbali tu. Utafiti uliotolewa mwaka 2022 na UNICEF, Interpol na ECPAT ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa Tanzania wenye miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti, wapatao 4 walifanyiwa ukatili wa namna hii kwa mwaka mmoja. Mara nyingi aliyewafanyia ni mtu wanayemjua. Yule 'mzungu' wa kwenye picha anaweza kuwa jirani aliyekopa sura ya mtu mwingine.

Sasa, kwa nini mtoto hasemi? Tujibu kwa unyofu. Hasemi kwa sababu anajua kitakachofuata: fimbo, simu kunyang'anywa, na baba kumgeukia mama na kumwambia, 'Hayo ndiyo malezi yako.' Mwovu yule anaijua fimbo yetu kuliko tunavyofikiri, na ndiyo anayoitumia kumfunga mtoto mdomo. Kwa hiyo zungumza na baba watoto kwanza, mkiwa wawili, mkubaliane mtakalofanya jambo likitokea. Halafu mwambieni mtoto waziwazi, kabla ya lolote: 'Hata kama umeshatuma picha, njoo utuambie. Hatutakupiga.' Na mkilisema, mlitimize.

Shule nyingi za bweni haziruhusu simu, basi likizo za Juni na Desemba ndizo za kuwa macho. Simu ilale chumbani kwa wazazi. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Huenda ipo usiyoijua. Na anayejiita mfadhili, mwulize maswali. Ada ya kidato cha tano na cha sita katika shule za serikali ilifutwa mwaka 2022, sasa huyo anayetaka kulipa ada ya shule hizo analipa ada gani? Michango na mahitaji yapo, ndiyo, lakini mfadhili wa kweli huzungumza na mzazi na uongozi wa shule, wala hana haja na mwili wa mtoto.

Ikiwa limeshatokea, usilipe. Ukilipa leo, kesho atarudi na kiasi kikubwa zaidi. Usifute ujumbe wala namba yake, hata kama unatia kinyaa. Huo ni ushahidi. Tena, tunalisema hili kwa uchungu, usiirushe ile picha kwa shangazi wala kwenye kikundi cha akina mama ati mpate ushauri au mwombe pamoja. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kusambaza picha za ngono za watoto, na nia yako njema haiirudishi picha ikishaondoka. Mwombeeni mtoto bila kuonyeshana.

Nenda na simu yenyewe polisi, uulize Dawati la Jinsia na Watoto. Ukifika, omba kuzungumza faraghani, si pale kaunta mbele ya watu. Kama kituo kiko mbali, na tunawafikiria hasa ninyi wa Endulen na Nainokanoka, ipo namba 116 ya huduma kwa mtoto, ambayo kuipiga ni bure. Mtoto naye anaweza kuipiga mwenyewe. Mwandikieni kwenye jalada la daftari lake, siku hiyohiyo mtakayozungumza naye.