Tovuti za biashara: Maandishi madogo, hasara kubwa

KIGALI – Tangu Rwanda ianzishe Dirisha Moja la Kielektroniki mwaka 2012, matamko ya forodha na vibali vingi vimehamia kwenye kompyuta. Gikondo, mtaa uliojulikana kwa miaka mingi kwa maghala ya forodha na viwanja vya maonyesho ya biashara, umeguswa moja kwa moja na mabadiliko hayo. Makaratasi yamepungua. Kinachosahaulika ni macho ya wanaosoma.

Kuanzia umri wa miaka 40 hivi, lenzi ya jicho huanza kukakamaa na maandishi ya karibu hufifia. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya mwaka 2019 ilikadiria kuwa watu milioni 826 hawaoni vizuri karibu kwa sababu hiyo na hawajapata msaada. Huo ndio umri wa wafanyabiashara na mawakala wengi wazoefu.

Rwanda imejitahidi upande wa miwani. Kati ya 2012 na 2017, Wizara ya Afya na shirika la Vision for a Nation waliwafundisha wauguzi wa vituo vya afya nchi nzima kupima macho na kutoa miwani ya bei nafuu. Hata hivyo, miwani haiponyi ukurasa mbovu. Jedwali la ushuru lililopigwa picha na kubandikwa kwenye tovuti, kadiri linavyokuzwa ndivyo linavyozidi kuwa ukungu.

Hasara yake si ndogo. Msimbo wa bidhaa katika ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki una tarakimu 8. Anayesoma 3 badala ya 8 anaweza kutamka bidhaa nyingine yenye kiwango kingine cha ushuru. Marekebisho huchukua muda, na mzigo ukisubiri, gharama za ghala huongezeka.

Dawa yake inajulikana. Mwongozo wa kimataifa wa WCAG unataka tofauti ya mwanga kati ya maandishi ya kawaida na rangi iliyo nyuma yake isipungue 4.5 kwa 1. Nyeusi juu ya nyeupe hufikia 21 kwa 1, ilhali kijivu hafifu kinachopendwa na wabunifu mara nyingi hakifiki. Aidha, msomaji aweze kukuza maandishi hadi asilimia 200 bila kupoteza kitu. Kubadili rangi na kuweka jedwali kama maandishi badala ya picha hakuhitaji mtambo mpya.

Sheria nazo zinasogea. Rwanda ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2008, na ibara yake ya 9 inagusa pia mawasiliano na intaneti. Kenya ilipata kiwango chake cha TEHAMA mwaka 2022. Katika Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 28 Juni 2025, maduka ya mtandaoni yanayowauzia walaji lazima yatumike na watu wenye ulemavu, isipokuwa biashara ndogo kabisa za huduma.

Kwa hiyo kampuni ya Kigali inayokua na kuwauzia kahawa au vikapu wateja wa Ulaya kupitia tovuti yake haina budi kulitazama suala hili mapema. Nyumbani, taasisi zinazoondoa vikwazo mpakani zinapaswa kuhesabu maandishi yasiyosomeka kuwa kimojawapo.