Miraa, kahawa na thamani ya digrii ya diplomasia kutoka Ulaya

KATIKA kaunti za Meru na Embu, habari za kijana aliyepata nafasi ya kusomea uhusiano wa kimataifa katika chuo kikuu cha Ulaya bado hupokewa kwa vifijo. Kamati ya harambee huundwa, kadi za mchango husambazwa, na si ajabu hatimiliki ya shamba la majanichai au kahawa ikawekwa dhamana kwa ajili ya mkopo. Swali ambalo aghalabu halijibiwi hadi ndege ipae ni hili: digrii hiyo itamfaa nani, na kwa kazi gani?

Hili si swali la kubeza elimu. Wakazi wa mashariki mwa Mlima Kenya wana sababu nzuri ya kutaka watoto wao waielewe siasa ya dunia, kwa kuwa mapato yao yameamuliwa zaidi ya mara moja katika miji ambayo wengi wao hawajawahi kuiona.

Kisa cha miraa ndicho mfano ulio wazi zaidi. Kwa miaka mingi, miraa iliyochumwa Igembe alfajiri ilisafirishwa mbio hadi Nairobi, ikapandishwa ndege na kufika London ingali mbichi. Uingereza ilikuwa ikiingiza takriban tani 2,500 kwa mwaka, na serikali yake ilitoza ushuru juu ya biashara hiyo. Mnamo Januari 2013, baraza la wataalamu linaloishauri serikali ya Uingereza kuhusu dawa za kulevya lilitoa ripoti iliyosema hapakuwa na ushahidi wa kutosha wa madhara ya kiafya wa kuhalalisha marufuku. Meru ikapumua. Miezi 6 baadaye, Julai 2013, Waziri wa Mambo ya Ndani wa wakati huo, Theresa May, alitangaza kwamba miraa ingepigwa marufuku hata hivyo. Sheria ilianza kutekelezwa Juni 24, 2014.

Wanasiasa wa Kenya walilalamika kwamba sayansi ilikuwa imepuuzwa, na ujumbe wa wabunge ukasafiri hadi London kujitetea. Hata kamati ya bunge la Uingereza iliitaka serikali ibadili msimamo. Haikubadili. Sababu mojawapo aliyoitoa waziri huyo haikuhusu afya hata kidogo: mataifa mengi ya Ulaya yalikuwa yamekwisha kuipiga miraa marufuku, na Uingereza ilihofia kugeuka kituo cha magendo kuelekea nchi jirani.

Hapo ndipo palipo funzo ambalo halikutiliwa maanani. Uholanzi ilitangaza nia ya kuharamisha miraa mapema mwaka 2012, na marufuku yake ikaanza mwaka 2013. Mtu aliyezoea kufuatilia namna mataifa ya Ulaya yanavyoshinikizana angeliona tangazo hilo na kujua kwamba mlango wa London nao ulikuwa karibu kufungwa. Palikuwa na zaidi ya miaka 2 ya kujiandaa. Badala yake utetezi wa Kenya ulishika kasi wakati uamuzi ulikuwa umekwisha kuiva.

Soko la Somalia nalo lilidhihirisha kwamba shina la mmea linaweza kuwa Maua na hatima yake ikawa mikononi mwa mabalozi. Mogadishu ilizuia ndege za miraa kwa muda mfupi Septemba 2016, kisha ikafunga soko tena Machi 2020 janga la korona lilipoingia. Janga lilipotulia, soko halikufunguliwa, kwa kuwa nchi hizo mbili zilikuwa zimekosana kuhusu mambo mengine kabisa, ukiwemo mpaka wa baharini na siasa za Jubaland. Desemba 2020 Somalia ilivunja uhusiano wa kibalozi na Kenya. Mkulima wa Laare alilazimika kusubiri hadi Julai 2022, marais wa nchi hizo walipoafikiana, ndipo shehena zikaanza kupaa upya.

Embu haijasalimika. Mei 2024, kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipojaribu kufungia nje muguka wa Mbeere, mgogoro ule ulikuwa na sura zote za vita vya kibiashara baina ya mataifa, ila tu ulikuwa ndani ya nchi moja na ukaishia Ikulu na mahakamani.

Mtihani wa sasa ni wa kahawa. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 sheria inayotaka kahawa inayoingia katika soko lake ithibitishwe kuwa haikutoka katika ardhi iliyokatwa misitu baada ya Desemba 31, 2020. Kila shamba lazima lionyeshwe mahali lilipo kwa vipimo vya ramani; shamba lisilozidi hekta 4 hutosheka na alama moja tu. Utekelezaji umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini sheria yenyewe haijafutwa. Majanichai hayamo katika orodha yake, wala makadamia. Tofauti hiyo ni kubwa kwa mkulima wa Runyenjes au Imenti mwenye mazao yote matatu katika ekari 2, na ni nadra kusikika ikifafanuliwa katika mikutano ya hadhara.

Isitoshe, upo Mkataba wa Ubia wa Kiuchumi kati ya Kenya na Umoja wa Ulaya, uliotiwa saini Nairobi Desemba 18, 2023 na kuanza kutumika Julai 1, 2024. Kenya iliingia peke yake baada ya mashauri ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kukwama. Ilikuwa na haraka ambayo majirani hawakuwa nayo: haihesabiwi miongoni mwa nchi zilizo nyuma zaidi kimaendeleo, hivyo bila mkataba bidhaa zake hutozwa ushuru. Wakuza maua walionja uchungu huo kwa miezi kadhaa mwishoni mwa mwaka 2014.

Basi haja ya wataalamu ipo. Tatizo ni kwamba digrii inayonunuliwa kwa jasho la familia nzima mara nyingi si ile inayogusa mambo haya. Kozi nyingi za uhusiano wa kimataifa huanzia kwenye nadharia za dola na vita, na mwanafunzi anaweza kuhitimu bila kuusoma mkataba hata mmoja wa biashara kifungu kwa kifungu. Anayelenga sheria ya biashara au kanuni za usalama wa vyakula hurudi na chombo mkononi. Aliyesomea mambo ya jumla hushindania nafasi chache za Wizara ya Mambo ya Nje na mashirika yaliyoko Gigiri, pamoja na wahitimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, ambacho kimekuwa kikifunza wanadiplomasia tangu miaka ya 1970.

Gharama nazo hazina huruma. Ujerumani haitozi karo katika vyuo vingi vya umma, lakini kufikia mwaka 2025 mwombaji wa viza alitakiwa kuonyesha euro 11,904 za kujikimu kwa mwaka katika akaunti maalumu. Uingereza hutoza karo ya juu kwa wageni, na tangu Januari 2024 imewazuia wengi wa wanafunzi wa uzamili kuandamana na jamaa zao. Mwaka 2025 ilitangaza pia kwamba miaka 2 ya kutafuta kazi baada ya masomo itapunguzwa hadi miezi 18. Mzazi anayeahidiwa na wakala kwamba mwanawe atalilipa deni kwa kazi za huko anapaswa kuuliza maswali makali. Wazazi wa Uasin Gishu waliolipia nafasi za masomo Finland na Canada kupitia mpango wa kaunti yao waliishia barabarani wakiandamana mwaka 2023.

Njia zilizo salama zaidi hazina fahari. Ufadhili wa Chevening wa Uingereza, kwa mfano, hugharamia uzamili lakini hudai uzoefu wa kazi wa miaka 2 kabla, na kumtaka mnufaika arudi nchini mwake kwa miaka 2 baada ya masomo. Shahada ya kwanza basi isomewe hapa nchini. Ulaya yenyewe si lazima: Kithure Kindiki wa Tharaka Nithi, aliyeapishwa kuwa Naibu wa Rais Novemba 2024, alipata uzamifu wake wa sheria ya kimataifa katika Chuo Kikuu cha Pretoria, Afrika Kusini.

Hata arudipo, mhitimu hukabiliwa na ufa ulioachwa na Katiba ya 2010. Jedwali la Nne liliipa serikali kuu mambo ya nje na biashara ya kimataifa, kilimo kikagatuliwa. Kahawa humea chini ya gavana na huuzwa chini ya waziri. Hakuna kinachoizuia kaunti kumwajiri ofisa mmoja wa kusoma maazimio ya Brussels yanapoandikwa na kuvieleza vyama vya ushirika maana yake kabla hayajawa sheria. Mshahara wake kwa mwaka mzima haungefikia gharama ya ujumbe mmoja wa viongozi unaokwenda London kulalamika baada ya mambo kwisha.