Chuma kwa Mashine ya Mezani
Manyoni, reli ya Singida inapochepuka kutoka Reli ya Kati, ni nchi ya alizeti. Gia ya kinu cha kukamulia ikivunjika na duka la vipuri halina nyingine, ukamuaji husimama. Mashine ndogo ya mezani, inayochonga kwa kuongozwa na kompyuta, ingesaidia, ila chuma si mbao: fremu nyepesi hutetemeka, na mtetemo huvunja kisu. Basi fundi achonge kidogo kidogo, sehemu ya kumi ya milimita kila mpito, kwa kisu chembamba cha kabaidi, chembe zikipulizwa zisisagwe tena. Saa zitakwenda, lakini gia itapatikana. SIDO, iliyoundwa 1973 kuinua viwanda vidogo, iwaletee vijana wa Manyoni mashine hizi, pamoja na mwalimu wa kuzitumia.